Guka Alisema Nakuru Ndio Walikuwa wa Kwanza

Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi hapa Molo, nimekaa kwa benchi nikingoja zamu yangu. Kwa TV kulikuwa na mechi ya Uingereza lakini hakuna mtu alikuwa anaangalia. Stori ilikuwa 2027. Nani atasimama na nani, nani atamgeuka nani, na "watu wetu" wataelekea wapi. Unajua stori za kinyozi vile huwa. Halafu mzee mmoja, mtu mpole tu ambaye tunajuana kwa sura, akanigeukia akaniuliza: "Na wewe kijana, kwenu ni wapi?"

Nikamwambia, "Hapa. Molo."

"Hapana. Kwenu kabisa."

Mashine ya kunyoa ilikuwa bado inalia, lakini mimi niliona kama watu wote wamenyamaza. Kama umekulia kwingine, hilo linaweza kuwa swali la kawaida la salamu. Kama umekulia huku, unajua uzito wake. Hapa kwetu kuna watu waliulizwa hilo swali 1992, wengine wakaulizwa 2008, na jibu lao halikukubaliwa.

Nikasema, "Mzee, kwetu ni hapa kwa benchi," watu wakacheka, stori ikaendelea. Lakini nilirudi nyumbani na hasira. Si kwake, kwangu mwenyewe. Nilikuwa na jibu na sikulitoa, na jibu lenyewe ni la mpira. Nimeamua kuliandika hapa. Ni refu kidogo, kwa hivyo weka chai.

Stori ya guka

Baba yangu ni Mkikuyu na mama yangu ni Mkipsigis. Yaani niko na guka upande mmoja na kugo upande mwingine, na Krismasi kwetu lugha ni tatu mezani. Watu wa Molo hawashangai, familia kama yetu ziko nyingi huku kuliko vile wanasiasa wanapenda kusema.

Guka alikuwa utingo wa lori la viazi miaka ya sitini. Kazi ilikuwa kupakia magunia Molo, kushuka Nakuru, kushusha, kurudi na baridi. Si mtu wa maneno mengi. Lakini kuna stori moja alikuwa anarudia kila tukianza kubishana Gor na Ingwe kwa nyumba. Alikuwa anaweka kikombe chini, anasema: "Nyinyi mnapiga kelele bure. Wa kwanza kuchukua ligi ya Kenya ni Nakuru."

Sisi tulikuwa tunacheka. Tuliiweka pamoja na zile stori zingine za wazee, za kutembea kilomita ishirini kwenda shule huku umefukuzwa na fisi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma historia, karo ikashinda, na sitaki huruma yako. Kitu kimoja nilitoka nacho huko ni tabia ya kutafuta tarehe. Nikaitafuta hii. Na guka alikuwa anasema ukweli. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza 1963, na bingwa wa kwanza kabisa anaitwa Nakuru All Stars. Haikuwa timu ya Nairobi wala ya Mombasa. 1964 wakachukua Luo Union, 1965 Feisal ya Mombasa, 1966 Abaluhya, 1968 Gor Mahia. Halafu 1969, Nakuru All Stars tena.

Mara mbili. Na watu wa rika langu hapa Bonde la Ufa, ambao wanaweza kukutajia kikosi cha Arsenal cha msimu ule hawakufungwa, hawajui. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Lakini kombe lenyewe si ndilo lilinishika. Kilichonishika ni jina. Na ili uelewe kwa nini jina, lazima turudi nyuma kidogo, hadi wakati Molo ilikuwa Uganda.

Ndiyo, Uganda

Soma tena. Hadi 1902, hii sehemu yetu haikuwa kwa kile ambacho leo tunaita Kenya. Waingereza walikuwa na himaya mbili zimepakana, ya Afrika Mashariki na ya Uganda, na mpaka ulikuwa unapita huku kwetu Bonde la Ufa. Naivasha, Nakuru, Molo hadi Kisumu, yote ilihesabiwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Reli iliyofika Kisumu mwisho wa 1901 iliitwa Reli ya Uganda. Waliita hivyo kwa sababu ilikuwa inaelekea Uganda. Kumbe ilikuwa imeshaingia Uganda kitambo, na ilipopanda hii milima yetu ikipita Molo ilikuwa ndani kabisa.

Halafu mwaka wa 1902 mtu kwa ofisi akaandika karatasi, mkoa wote ukahamishiwa upande wa pili. Hakuna mlima ulisogea. Hakuna mtu aliamka akajiskia tofauti. Hata neno Kenya kama jina la koloni lilikuja baadaye, 1920.

Sasa weka hapo mpira. Mwaka wa 1926, miaka 6 tu baada ya koloni kuitwa Kenya, kunaanza mashindano ya Kombe la Gossage. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza. Walitoa kombe, na timu ya Kenya na timu ya Uganda zikakutana Nairobi. Mechi ya kwanza ilitoka sare ya moja kwa moja, ikarudiwa, Kenya ikashinda 2-1. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Hilo kombe ndilo baadaye, 1967, likageuka kuwa Challenge, na sasa watu wanalijua kama CECAFA.

Fikiria mtu wa Molo 1926. Kama ile karatasi ya 1902 isingeandikwa, siku hiyo angekuwa anashangilia Uganda. Na angeshangilia kwa moyo wote, aape kwamba damu yake ni Uganda, atukane refa kwa sababu ya Uganda. Kwa hivyo ukiniambia "kwenu kabisa", nataka kujua tunahesabu kuanzia karatasi gani.

Na kuna kitu kingine hapo. Serikali ile ile ya koloni ilikuwa imewavalisha wanaume Waafrika kipande shingoni. Kipande kilikuwa na alama za vidole na kilikuwa kinasema wewe ni wa kabila gani na umetoka wapi, na bila ruhusa ya tajiri huwezi kuondoka kwa shamba lake. Kwa kipande wewe ulikuwa kabila. Kwa uwanja, dakika tisini, ulikuwa Kenya. Miaka 37 kabla ya uhuru, jezi ya Gossage ilikuwa moja ya nguo chache ambazo Mwafrika angevaa na aitwe Mkenya bila mtu kumuuliza swali la pili. Najua ilikuwa kombe la sabuni la mkoloni. Lakini bado.

Jina la mji

Sasa turudi 1963. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huo, na katiba ya kwanza ilikuwa ya majimbo. Nchi iligawanywa maeneo, Bonde la Ufa likiwa moja, na ubishi mkubwa ulikuwa huo huo wa kwa kinyozi: ardhi ni ya nani, na nani ni mgeni wapi. Majimbo hayakudumu, hadi mwisho wa 1964 yalikuwa yamekwisha na tukarudia mikoa.

Angalia klabu za wakati huo. Luo Union, jina linajieleza. Abaluhya ilizaliwa 1964 kwa kuunganisha timu za Waluhya. Gor Mahia ya 1968 imebeba jina la mganga mashuhuri wa hadithi za Waluo. Na nisieleweke vibaya, hizi timu hazikuanzishwa na watu wabaya. Umetoka kijijini, umefika Nairobi, huna mtu. Chama cha watu wa kwenu ndicho kitakutafutia kazi, kitakutafutia pa kulala, na ukifa kitachangisha pesa mwili urudi nyumbani. Timu ya mpira ilikuwa mkono mmoja wa huo msaada. Mimi pia ningejiunga. Na hadi leo, mechi ya Gor na Ingwe ndiyo kitu karibu zaidi na moyo ambacho mpira wa Kenya umewahi kutoa.

Lakini bingwa wa kwanza hakuwa na jina la kabila. Alikuwa na jina la mji, na huo mji ni Nakuru. Ukijua Nakuru inajieleza. Ni mji wa reli na wa mashamba. Kila mtu alifika pale akifuata kazi: kwa stesheni, kwa kiwanda, kwa duka la Mhindi, kwa shamba la pareto la mzungu. Guka anasema kwa lori lao dereva alikuwa Mluhya, tajiri alikuwa Mhindi, na yeye na utingo mwenzake kutoka Kisii walikuwa wanalala juu ya magunia wakifundishana matusi ya lugha zao. Ukianzisha timu mahali kama hapo uiite nani? Uiite Nakuru.

Nilimuuliza, "Guka, wewe ulikuwa unawashabikia kwa nini? Si ulikuwa wa Molo?" Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Kwani nilikuwa nashusha viazi wapi?"

Hilo ndilo jibu lake. Mahali unaposhusha viazi ni kwenu.

Serikali ilikuja kuliona hili jambo la majina baadaye kabisa. 1980, wakati wa Moi, vilabu viliambiwa vitoe majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Re-Union. Gor Mahia ilibaki Gor Mahia. Majina yakabadilika kwa karatasi, mashabiki wakabaki wale wale. Na serikali hiyo hiyo iliyosema haitaki ukabila uwanjani ndiyo ilikuwa madarakani wakati Molo ilichomwa.

Madoadoa

Hii sehemu nitapita haraka, si kwa sababu ni ndogo.

Vita vilianza Oktoba 1991 huko Meteitei, Nandi. Desemba mwaka huo vyama vingi vikaruhusiwa. Machi 1992 moto ulikuwa umefika Molo. Kulikuwa na neno moja la wakati huo ambalo wazee hawapendi kulisikia hadi leo: madoadoa. Sisi wengine, ambao mababu zetu walifika huku kutafuta kazi, tulikuwa madoadoa kwa kitambaa safi, na kitambaa kilitakiwa kufuliwa. Tume ya Akiwumi ilikuja kuchunguza baadaye na ikasema wazi kwamba siasa ilikuwa na mkono.

Guka alipoteza nyumba 1992. Akarudi, akajenga. Alipoteza nyumba ya pili Januari 2008.

Hiyo ya 2008 niko na picha yake kichwani, nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka mama akitufunga masweta mawili mawili usiku. Nakumbuka kugo, baba yake mama, akija kwa mguu, amebeba tochi ambayo hakuiwasha. Alitutoa kwa nyumba ya mtoto wa guka akatupeleka kwake, na kwa wiki mbili baba yangu alikaa chumba cha nyuma kwa mkwe wake, haongei kwa sauti, kwa sababu jirani akisikia Kikuyu tutachomewa wote. Tume ya Waki ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliokufa nchi nzima. Sisi hatukuhesabiwa mahali popote kwa sababu tulipona.

Nikikuambia mimi sina upande, usidhani ni maringo. Upande mmoja ulikuwa unatafuta upande wangu mwingine.

Mechi ambayo sikuielewa

Sasa utauliza, mpira unaingia wapi hapa? Nilijiuliza hivyo pia. Halafu usiku mmoja, bando ya usiku, nikaangukia video ya mchezo ambao sikuuelewa kabisa. Wanaume kumi na tano kila upande, wanapiga mpira kwa mguu, wanaudaka kwa mikono, wanakimbia nao, wanaurusha juu ya goli lenye nguzo ndefu kama za raga. Uwanja mkubwa, viti vitupu kabisa. Na mwishoni wanaume wazima wanalia.

Ni mpira wa Gaelic, wa Ireland. Mechi ilikuwa fainali ya mkoa wa Munster, tarehe 22 Novemba 2020, Tipperary dhidi ya Cork, na viti vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona. Wakati huo ukipitisha mpira juu ya mwamba ulikuwa unapata pointi moja, ukiingiza kwa nyavu unapata tatu. Siku hiyo hakuna aliyeingiza kwa nyavu. Tipperary 17, Cork 14. Mara ya mwisho Tipperary kuchukua Munster kwa mpira ilikuwa 1935. Miaka 85. Utingo wa viazi angezaliwa, azeeke, na asione.

Nikaanza kuchimba, na hapo ndipo usingizi uliniruka.

Miaka 100 na siku moja kabla, tarehe 21 Novemba 1920, Tipperary walikuwa wanacheza na Dublin kwa uwanja unaoitwa Croke Park. Ireland ilikuwa inapigania uhuru kutoka kwa Uingereza. Asubuhi hiyo wapiganaji walikuwa wameua maafisa wa ujasusi wa Uingereza mjini. Mchana askari wakaingia uwanjani wakafyatulia watu risasi. Walikufa 14. Mmoja wao alikuwa mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Wanaiita Jumapili ya Damu. Na ni 1920, mwaka ule ule himaya ile ile ilikuwa inabandika jina Kenya kwa koloni letu.

Kwa hivyo 2020 Tipperary waliingia uwanjani na jezi za nyeupe na kijani, mfano wa zile za 1920. Wakashinda. Na mikoa mingine mitatu ikatoa Dublin, Mayo na Cavan. Mabingwa wanne wa mikoa, wale wale wanne wa 1920. Hakuna aliyepanga. Tipperary wakapigwa na Mayo nusu fainali na stori ikaisha hapo, lakini nani anajali.

Kile kilinigusa zaidi ni hiki. Hizo kaunti za Ireland, 32, zilichorwa na watawala Waingereza kwa ajili ya utawala wao, mahakama na ushuru. Ni mistari ya mkoloni kama yetu. Halafu 1884, mji wa Thurles, huko huko Tipperary, watu wakaanzisha chama cha michezo, GAA, na wakaamua timu zitapangwa kwa parokia na kaunti. Hakuna mshahara wa mchezaji hadi leo. Huwezi kununuliwa kama wa Uingereza, kwa kawaida unachezea unakokaa au ulikozaliwa. Mwalimu, fundi wa umeme, mkulima wa ng'ombe, Jumapili anavaa jina la kaunti mbele ya watu elfu arobaini na Jumatatu anarudi kazini. Baada ya zaidi ya miaka 130 ya hiyo, mstari wa mkoloni umegeuka kuwa kitu ambacho mtu analilia kwa furaha.

Usidhani nasema Ireland ni malaika. Kaskazini kwao watu waliuana kwa miaka thelathini kwa swali la "wewe ni wa upande gani", na hiyo GAA yenyewe hadi 2001 ilikuwa na sheria ya kuzuia polisi wa huko na askari wa Uingereza kuwa wanachama. Mpira haukuwazuia kuuana. Lakini uliwapa kitu cha kufanya na mipaka yao mbali na kuuana, na walikifanya kila mwaka, vita ama amani.

Sisi tulifanya nini na yetu? Tulipewa mikoa, tukaipigania. Tulipewa kaunti 47 na katiba ya 2010, zikaanza kazi 2013, na tukaanza kuhesabu kabila gani lina viti vingapi kwa bunge la kaunti.

Uwanja ni wa nani

Nakuru kuna uwanja wa Afraha. Ukiuliza rika langu Afraha inajulikana kwa nini, wengi watakuambia siasa. Desemba 2012, Uhuru na Ruto walisimama pale kutangaza muungano wao, wa Kikuyu na Kalenjin kushikana mikono. Aprili 2016, kesi za The Hague zilipoisha, wakarudi pale pale kwa maombi ya shukrani. Sikatai, mikono iliposhikana watu wa Molo tulilala vizuri. Guka aliangalia kwa TV akasema, "Sawa." Lakini amani ya kushikana mikono kwa jukwaa ina shida moja: wenye mikono wakiachana, sisi huku chini tunaanza kuangaliana. Tumeona 2022 jinsi mikono huachana, na tukashukuru Mungu safari hiyo haikuwaka.

Timu yenye jina la Nakuru All Stars ilirudi ligi kuu msimu wa 2015. Ikashuka mwaka huo huo. Mji wenye watu wengi hivi, uliotoa bingwa wa kwanza wa taifa, na watoto wake Jumapili wanavaa jezi za Manchester. Mimi pia niko nayo, sijiondoi.

Sisemi tukicheza mpira hakutakuwa na vita. Ningekuwa mjinga. 1992 watu walikuwa wamecheza pamoja, wakasoma pamoja, wakaoana, na bado. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Kuna njia mbili za kujibu "wewe ni wa wapi". Moja inaangalia nyuma, baba wa baba yako alitokea ridge gani. Hiyo haina mwisho, ukirudi nyuma vya kutosha mimi ni Mganda na wewe pia. Nyingine inaangalia jezi gani umevaa leo na mtu gani atakupa pasi. 1963, watu wa huku walichagua ya pili na wakawa bora kuliko nchi nzima. Huo si ushairi, ni matokeo ya ligi.

Desemba iliyopita kulikuwa na mashindano ya mtaa hapa kwetu. Zawadi ilikuwa mbuzi na mpira mmoja. Uwanja umeinama, upande mmoja unashambulia mlima, na ukungu ulishuka kipindi cha pili hadi kipa wetu alikuwa anauliza mpira uko wapi. Nilikuwa napiga video. Kocha wetu ni dereva wa boda, winga wetu wa kulia ni binamu yangu upande wa mama, na beki aliyekuwa anamkinga ni mtoto wa jirani ambaye familia yake na yetu hatukusalimiana hadi nilipofika darasa la sita. Tulipigwa 3-1. Nyuma ya jezi zetu, zile za kushonewa mjini, tuliandika neno moja tu kwa wote: MOLO. Herufi za O zilikuwa zimeanza kubanduka kabla ya mapumziko.

Guka alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki kando ya uwanja, blanketi kwa magoti. Kugo alikuwa kando yake. Wanaongea Kiswahili wakiwa wawili, kibovu kabisa. Nilienda kuwauliza wanashabikia nani. Guka akasema, "Hawa wenu hawajui kucheza. Nakuru wangewafunga kumi." Kugo akasema, "Nakuru gani?" Na guka akaanza tena. Sikumkatiza.

Kwa hivyo mzee wa kwa kinyozi, kama kuna mtu atakuonyesha hii: kwetu kabisa ni Molo. Nakuru tukishuka. Uganda ukitaka kurudi hadi 1902.

Na wewe unayesoma, ukitoka hapa mpigie guka wako, babu, kugo, kwaru, yeyote uliye naye. Usimuulize tulitoka wapi. Muulize alikuwa anashangilia timu gani, na kwa nini. Mwandike jina la hiyo timu kabla hajasahau.